Umahususi wa Kingamwili ya Kutambua Protini RPL10L katika Tishu za Korodani

Protini zinazounda ribosomu hufanana karibu katika tishu zote za mwili. RPL10L ni miongoni mwa chache zinazokiuka utaratibu huo: kwa binadamu na kwa panya, hupatikana hasa katika korodani. Sababu yake inaeleweka. Jeni asilia, RPL10, imo katika kromosomu X, na kromosomu hiyo hunyamazishwa wakati seli zinazozaa mbegu za kiume zinapopitia meiosisi. Nakala yake isiyo na introni, iliyomo katika kromosomu 14 ya binadamu, ndiyo inayoshika zamu. Jiang na wenzake (2017) walionyesha kuwa panya dume wasio na RPL10L ni wagumba, kwa kuwa seli hizo hukwama katika mgawanyiko wa kwanza. Walipowezeshwa kutengeneza RPL10 katika seli hizo hizo, uwezo wao wa kuzalisha ulirejea.

Tokeo hilo la mwisho ndilo linalopaswa kumtia mashaka mtumiaji wa kingamwili. Ikiwa protini moja yaweza kushika nafasi ya nyingine, kingamwili itazitofautishaje? Kila moja ina asidi amino 214, na zinatofautiana mahali pachache tu. Uzito wao, kilodaltoni 25 hivi, haumsaidii mchunguzi, kwani mistari yao huangukia mahali pamoja kwenye utando wa kipimo. Kingamwili iliyotengenezwa kwa kipande kinachofanana itanasa RPL10, na mwanamume aliyekosa RPL10L ataonekana hana kasoro. (Mahali ambapo lawama ya kukosa mtoto humwangukia mke kwanza, kosa hilo haliishii maabarani.)

Kwa hiyo mstari uliokolea katika korodani si ushahidi wa kutosha. Tishu ya ini ipimwe sambamba. Ikitoa mstari, kingamwili inanasa RPL10. Ushahidi imara zaidi ni korodani ya panya aliyeondolewa jeni ya RPL10L: hapo mstari sharti utoweke.

Kwa maabara ya Songea lipo pia suala la baridi. Kingamwili nyingi huhifadhiwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara huzidhoofisha. Mji uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, baada ya miaka ya majenereta ya dizeli, lakini safari ya barabara kutoka Dar es Salaam bado ni ndefu. Kingamwili igawanywe katika vichupa vya matumizi ya mara moja siku inapopokelewa, na kipimo cha ini kirudiwe kwa kila shehena mpya.