Jicho Likishapasuliwa, Kazi ya Kikundi Bado

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilimchangia mwanachama mmoja, nyanya wa miaka sabini hivi, akaenda kutolewa mtoto wa jicho. Kesho yake bandeji ikafunguliwa, akarudi nyumbani akihesabu kuku wa jirani. Vigelegele vikapigwa. Siku ya tatu alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza kuni mbichi, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kupika. Siku ya tano jicho likaanza kumuuma sana. Akasema, aa, ni kidonda kinapona. Tena pesa ya kurudi hospitali haikuwako, kwa kuwa sote, na sisi tunaoandika tukiwemo, tulikuwa tumehesabu safari moja tu. Alipofikishwa siku mbili zilikuwa zimepita. Jicho lile halikuona tena.

Kwa hivyo sasa tukizungumza na vikundi, tunaanza na siku za baada ya upasuaji.

Kwanza tuelewe kilichofanywa. Wako ambao bado wanasema jicho hutolewa nje likaoshwa, ama mtu huwekewa la mbuzi. Hapana. Ndani ya jicho kuna lenzi, kitu kama kioo kidogo cha kupitisha mwanga. Ikichafuka ikawa nyeupe, huyo ndiye mtoto wa jicho. Daktari hufungua mwanya mdogo, huitoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya plastiki. Kazi hii ilianzwa na daktari Mwingereza, Harold Ridley, huko London mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za vita, vikiingia machoni mwa marubani, vilikaa humo bila kuleta shida.

Siku hizi mwanya ule mara nyingi haushonwi, hujifunga wenyewe. Basi ni kama mlango uliorudishwa bila komeo: ukisukumwa, unafunguka, na uchafu unaingia. Ukilishika hilo, masharti mengine yote utayaelewa hata bila kukariri. Usisugue jicho. Lala na kile kikinga cha plastiki ulichopewa, kwa sababu mkono husugua mtu akiwa usingizini. Osha uso kwa kitambaa safi chenye unyevu, usijimwagie maji. Jerikeni la lita 20, kuni, jembe, hayo yangoje mpaka daktari aruhusu, na kwa kawaida ni wiki kadhaa. Moshi na vumbi viepukwe. Ukipanda bodaboda vaa miwani. Kusoma, kutazama televisheni, kutembea polepole, hayo hayadhuru.

Dawa ya matone ndiyo huwashinda wengi. Kwa kawaida hutumiwa kama wiki nne, hata kama jicho linaona vizuri tangu siku ya pili. Anayetia aoshe mikono kwa sabuni. Mgonjwa aangalie juu, kope la chini livutwe kidogo, litiwe tone moja, kisha afumbe jicho. Mdomo wa chupa usiguse jicho wala kope. Kama dawa ni mbili, ngojeni dakika tano katikati, la sivyo ya pili inaosha ya kwanza. Wazee wengi mikono hutetemeka, kwa hivyo mjukuu afundishwe pale pale hospitalini kabla ya kuondoka.

Msimpe jirani dawa iliyobaki, wala msinunue chupa nyingine dukani bila kuambiwa. Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Yakitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho, na upofu wa presha hauna upasuaji wa kuurudisha nyuma. Na tafadhali, majani yaliyopondwa, maziwa ya mama, mkojo, maji ya sukari, hayo yote yasifike kwenye jicho.

Kukwaruza kidogo, machozi na mwanga kuumiza ni kawaida siku za kwanza. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, ama jicho likawa jekundu zaidi, ama likatoa usaha, ama mtu aliyekuwa akiona akaanza kuona ukungu, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo. Msingoje kliniki ya wiki ijayo. Vivyo hivyo akiona mimweko kama ya radi, au giza kama pazia linaloshuka upande mmoja.

Ukungu ukirudi polepole baada ya miezi au miaka, watu husema mtoto wa jicho ameota tena. Hawezi. Ni ule utando mwembamba unaoshika lenzi umekuwa mzito, na hospitali kubwa za macho huutoboa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila kisu.

Sasa, mkichanga, hesabuni hivi: nauli ya kwenda na kurudi, nauli ya kliniki zile zinazofuata, na akiba kidogo ya dharura ambayo mweka hazina haigusi kwa jambo lingine. Mgonjwa huwa na msindikizaji, kwa hivyo ni nauli ya watu wawili. Halafu andikeni zamu ya kupika na kuteka maji kabla hajaondoka nyumbani. Kikundi kile cha akina mama sasa kina daftari la zamu, na mwezi uliopita wanachama wawili walipopasuliwa, wanaume wa boma ndio waliopewa kuni.