Rangi za nyoka wafugwao zatokana na ukoo

NYOKA akionekana chini ya minazi ya Tiwi, Kaunti ya Kwale, aghalabu hupigwa fimbo kabla ya kujulikana iwapo ana sumu. Ughaibuni, hata hivyo, yuko nyoka mwenye asili ya Kenya anayefugwa kwa sababu ya rangi zake.

Huyo ni Eryx colubrinus, nyoka mfupi na mnene, asiye na sumu, ajifichaye mchangani katika sehemu kavu za Afrika Mashariki. Kwa kawaida ana mabaka ya hudhurungi juu ya rangi ya chungwa.

Mtoto akirithi kutoka kwa wazazi wote wawili jeni yenye kasoro ya weusi, huzaliwa albino. Kasoro ikiwa katika jeni ya rangi ya chungwa, hubaki mweusi na mweupe.

Wazazi wa rangi ya kawaida wanaobeba kasoro moja hupata, kwa wastani, albino 1 katika kila watoto 4. Wakibeba zote mbili, mtoto 1 kati ya 16 hurithi zote na kukaribia weupe. Ndiyo maana wafugaji hutunza kumbukumbu za vizazi. Wakizidi kupandisha ndugu kwa ndugu, watoto hudhoofika.

Thamani basi imo katika ukoo, si katika nyoka anayeokotwa kichakani. Isitoshe, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kufuga au kuuza wanyamapori bila kibali, na mkataba wa CITES hudhibiti biashara ya nyoka huyu kati ya mataifa.