Amazon yatoa funzo: Ukataji wa misitu waweza kudhibitiwa

KWA miaka mingi, kila misitu ya mvua ya ukanda wa tropiki ilipotajwa, habari zilikuwa za kusikitisha: miti kufyekwa, wanyama kukosa makao na wenyeji kufurushwa. Hata hivyo, takwimu kutoka Brazil, nchi yenye sehemu kubwa zaidi ya msitu wa Amazon, zaonyesha kwamba uharibifu huo waweza kupunguzwa serikali inapoazimia kwa dhati.

Mwaka 2004, Brazil ilipoteza takriban kilomita mraba 27,800 za msitu huo. Eneo hilo ni karibu mara 40 ya ukubwa wa jiji la Nairobi. Kufikia 2012, kiasi kilichofyekwa kwa mwaka kilikuwa kimeshuka hadi takriban kilomita mraba 4,600, punguzo la zaidi ya asilimia 80.

Je, ufanisi huo ulipatikana vipi?

Kwanza, serikali ya Rais Luiz Inácio Lula da Silva, kupitia kwa Waziri wa Mazingira Marina Silva, ilizindua mpango maalumu mnamo 2004. Awali, takwimu za ukataji zilitolewa mara moja kwa mwaka, wakati ambapo miti ilikuwa imeshageuka majivu. Chini ya mpango huo, taasisi ya utafiti wa anga, INPE, ilianza kutumia picha za setilaiti kuwaarifu wakaguzi mapema, nao wakaweza kuwafikia wahalifu wangali kazini.

Pili, wahusika waliguswa mfukoni. Mwaka 2006, kampuni kubwa zinazonunua soya zilikubaliana kutonunua mazao ya ardhi iliyofyekwa upya. Kuanzia 2008, mkulima wa eneo la Amazon hakuweza kupata mkopo wa kilimo benki bila kuthibitisha kwamba anatii sheria za mazingira.

Tatu, maeneo makubwa yalitangazwa kuwa hifadhi na ardhi za jamii asilia zikatambuliwa kisheria. Hadi leo, ukitazama picha za setilaiti, nyingi za ardhi hizo huonekana kama visiwa vya kijani kibichi katikati ya mashamba na malisho ya ng'ombe.

Lakini mafanikio hayo hayakudumu. Baada ya 2012 ulinzi ulianza kulegea, na chini ya utawala wa Rais Jair Bolsonaro hali ikawa mbaya zaidi. Mwaka 2019 Hazina ya Amazon, ambayo mfadhili wake mkuu ni Norway, ilisimamishwa. Kufikia 2021, zaidi ya kilomita mraba 13,000 zilifyekwa kwa mwaka mmoja.

Lula aliporejea mamlakani Januari 2023, alimrejesha Bi Silva wizarani, hazina ikafufuliwa na doria zikaimarishwa. Katika mwaka uliokamilika Julai 2025, eneo lililofyekwa lilikuwa kilomita mraba 5,796, chini ya nusu ya lile la 2021.

Hata hivyo, hatari ingalipo. Mwaka 2024, ukame mkali ulisababisha moto ulioteketeza maeneo mapana ya msitu, na moto hauzuiliki kwa kuwanyima watu mikopo. Aidha, mapatano ya soya yamekabiliwa na upinzani mkali nchini humo.

Funzo hili latuhusu sisi pia. Msitu wa Kakamega ni masalio ya misitu ya mvua iliyowahi kuenea kutoka Kongo. Kama ilivyo Amazon, miti yake hufyonza maji ardhini na kuyarudisha hewani, yakawa mvua inayomnufaisha mkulima. Brazil imethibitisha kwamba sheria zilizopo, zikitekelezwa bila mapendeleo, zaweza kuokoa msitu katika muda wa miaka michache tu. Imethibitisha pia kwamba zikipuuzwa, hasara hurudi upesi vivyo hivyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.