Simtanki Linaposema Limejaa

Mtaa unaopata maji kwa mgao una njia zake za kupima simtanki. Wapo wanaoligonga ubavuni wakisikiliza sauti inapobadilika, wapo wanaomtuma kijana apande ngazi akachungulie. Kwa mtu anayeandika programu kwa kazi, swali hilohilo ni mradi mzuri wa mwisho wa wiki: vifaa ni vya bei ndogo, hesabu ni ya darasani, na jibu linahitajika nyumbani kila siku. Ukiutazama juujuu, unamalizika kwa mistari michache ya msimbo. Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo.

Kihisi kinachopendwa na wanaoanza ni HC-SR04, kile chenye macho mawili ya duara. Jicho moja hutoa mlio wa mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambao hatuusikii kwa kuwa sikio la binadamu hukomea kwenye 20,000 hivi. Jicho la pili husubiri mwangwi. Kikifungwa chini ya mfuniko, mlio hushuka, hugonga uso wa maji na kurudi, na kompyuta ndogo ya aina ya Arduino au ESP32 hupima muda uliopita. Hewa ikiwa na nyuzijoto 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita ya umbali huchukua mikrosekunde kama 58 kwenda na kurudi. Gawanya muda kwa 58, umepata umbali hadi kwenye maji. Toa umbali huo kwenye kimo cha kihisi kutoka kitakoni, umepata kina. Zidisha kwa eneo la kitako, umepata ujazo.

Tatizo la kwanza limejificha ndani ya hiyo 58. Namba hiyo inadhani hewa ina nyuzi 20, na simtanki jeusi lililokaa juani saa saba mchana halijui habari hiyo. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, sauti huongeza mwendo kwa mita 0.6 hivi kwa sekunde. Hewa ya ndani ikifika nyuzi 40, mwangwi huwahi kurudi, na programu huamini maji yako karibu zaidi ya yalivyo. Kwa umbali halisi wa sentimita 80, kosa huzidi sentimita 2. Kwenye tangi lenye kipenyo cha sentimita 110, hizo ni lita zaidi ya 20. Mchana kweupe, bomba halijatoa hata tone, skrini inasema maji yameongezeka kwa zaidi ya ndoo kubwa. Dawa yake ni kuweka kipimajoto kando ya kihisi na kukokotoa mwendo wa sauti upya kila unapopima.

Tatizo la pili ni mwangwi wa uongo. Mlio unaweza kugonga bomba la kuingizia maji, ukuta wa tangi, au kuyumbishwa na mawimbi wakati wa kujaza. Tuseme umepima mara tano ukapata sentimita 61, 62, 61, 187 na 62. Wastani wake ni 86.6, umbali ambao kihisi hakikuuona hata mara moja. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa uchukue ya katikati, utapata 62, na ile 187 haina tena nguvu ya kuwavuta wenzake.

Yote hayo ni madogo ukilinganisha na tatizo la tatu, nalo ni kimya. Arduino ina amri iitwayo pulseIn, inayosubiri mwangwi na kurudisha muda wake. Mwangwi usipofika ndani ya muda uliowekwa, amri hiyo hurudisha 0. Programu inayogawanya bila kuuliza itapata umbali wa sentimita 0, maana yake maji yamekifikia kihisi na tangi limejaa pomoni. Panya amekata waya, tangi ni kavu, na simu inaonyesha asilimia 100. Pampu inayoendeshwa na programu hiyo nayo, kwa kutii hesabu, haiwaki.

Kurekebisha hakuhitaji zaidi ya sharti moja: jibu likiwa 0, usihesabu chochote. Onyesha kwamba hakuna kipimo, kisha weka kipimo cha mwisho kilichokubalika pamoja na saa kilipochukuliwa. Lakini sharti hilo linazaa swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu: pampu ifanye nini wakati hakuna anayejua kiasi cha maji? Kuizima ni kuiweka nyumba kwenye hatari ya kukosa maji. Kuiacha iwake ni kukaribisha mafuriko uani na bili ya umeme. Lazima mwenye nyumba aamue mapema, na uamuzi wake uandikwe.

Kosa hili halikai kwenye matangi tu. Kituo cha afya ambacho hakikupata mgonjwa wa malaria mwezi mzima na kituo ambacho hakikutuma ripoti havifanani, ingawa jedwali lililotengenezwa haraka litaviandikia vyote 0. Kazini, data humfikia mwandishi wa programu ikiwa imeshapangwa kwenye safu zake, na ni rahisi kuiamini kwa sababu ya unadhifu wake. Mradi wa nyumbani humpeleka pale namba inapozaliwa, akaona jinsi inavyosukumwa na jua, bomba na panya kabla haijafika kwenye skrini.

Anayetaka kujaribu asianze na kurembesha kurasa za simu. Akishaunganisha kihisi na kupata kipimo cha kwanza, achomoe waya makusudi, aone programu yake itasema nini.