Uvimbe wa figo: si kila mara kisu

MTU akikojoa damu bila kuumwa popote, wengi husema ni kichocho au U.T.I. Damu ikikatika baada ya siku mbili, mgomba unaendelea kupaliliwa na hospitali inasahauliwa. Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Damu isiyo na maumivu inaweza kuwa dalili ya uvimbe kwenye figo, na kukatika kwake si kupona.

Uvimbe mdogo mara nyingi hauna dalili yoyote. Hugunduliwa kwa bahati, mtu akipigwa ultrasaundi kwa tatizo jingine la tumbo. Wagonjwa wa Machame, Marangu, Kibosho na Rombo hupewa rufaa kwenda KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na yenye mabingwa wa njia ya mkojo.

Tiba iliyozoeleka ni upasuaji: hutolewa figo nzima au sehemu yenye uvimbe. Lakini kwa uvimbe mdogo, hasa usiozidi sentimita 3, ipo njia ya kuuchoma kwa joto. Daktari hupitisha sindano ndefu kwenye ngozi, akiongozwa na picha za ultrasaundi au CT skani, mpaka ncha izame ndani ya uvimbe. Mawimbi ya redio au ya maikrowevu hupandisha joto kupita nyuzi 60, na seli hufa. Hakuna mshono mrefu, sehemu nzima ya figo hubaki ikifanya kazi, na wengi huruhusiwa siku hiyo au kesho yake.

Njia hii huwafaa zaidi wazee, wenye ugonjwa wa moyo na wenye figo moja. Ina kasoro zake: damu inaweza kuvuja, utumbo ulio jirani unaweza kuungua, na uvimbe unaweza kurudi kuliko ukikatwa. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha kwa miaka kadhaa.

Nchini, tiba za sindano zinazoongozwa na picha zilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 2018 kwa msaada wa wataalamu kutoka Marekani.

Kwa hiyo, kabla kikao cha ukoo hakijauza ng'ombe, daktari aulizwe: uvimbe una sentimita ngapi? Figo ya pili ni nzima? Sehemu ya figo inaweza kuokolewa? Tiba ya joto inafaa, na inapatikana wapi? Majibu hayo yaandikwe, yasomwe mbele ya wote.