Mgeni Naye Aimbishe

Mgeni rasmi akifika Kibaha au Kisarawe, utaratibu unajulikana. Turubai, viti vya plastiki, risala, kisha kikundi cha ngoma. Ngoma ikikolea mgeni anainuka kutunza, anatikisa mabega kidogo, anapigwa picha, anarudi kukaa. Katika wimbo wenyewe hajaambulia hata neno moja. Wala hakuna aliyemuuliza kwao wanaimba nini.

Tungetegemea wilaya hizi mbili ziwe tofauti. Zote zina vyuo vya maendeleo ya wananchi, na vyuo hivyo kwa asili yake ni watoto wa wimbo. Cha Kibaha kimo ndani ya Shirika la Elimu Kibaha, ule mradi ulioanza mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi nne za Nordiki, ukakabidhiwa rasmi kwa Tanzania Januari 1970. Mpango wa vyuo hivi nchi nzima ulianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na shule za wananchi za huko. Nao Waswidi walikuwa wameiga jirani zao wa Denmark, ambako mchungaji N.F.S. Grundtvig alieneza wazo la shule ya wakulima isiyo na mitihani. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Grundtvig aliandika nyimbo za kanisa zipatazo 1,500, na katika shule hizo siku hufunguliwa kwa kuimba pamoja. Kitabu chao cha nyimbo kilichapwa mara ya kwanza mwaka 1894 na hadi leo kinatumika.

Sisi tulichukua ushonaji, uashi, umeme wa majumbani na ufundi magari. Sina ugomvi na hilo. Njaa haifukuzwi kwa kiitikio. Ila kuimba tulikuachia siku ya mgeni, na siku hiyo mwenyeji anaimba, mgeni anapiga makofi. Hapo hakuna kubadilishana.

Ajabu ni kwamba nyimbo za huku zimeumbwa zikiwa na mlango wazi. Chukua mdundiko wa Wazaramo. Mmoja anaanzisha, kundi linapokea, na maneno ya kupokea ni machache yanayorudiwa. Mpita njia asiyejua chochote, mzunguko wa tatu yumo ndani. (Si bure wazazi wa uswahilini waliwaonya watoto wasiufuate: unaucheza mtaa huu, ukizinduka uko kata nyingine.) Wimbo wa Kizungu wa kitabuni una beti nne zisizofanana, asiyeshika karatasi anabaki kutafuna hewa. Hivyo mwanafunzi wa Kisarawe anayepokea mgeni kutoka Sweden ana zana nzuri kuliko za mwenzake, mradi asiishie kutumbuiza.

Mgeni aliyekuja kwa ndege anaweza kuvumilia kutumbuizwa. Kwa mkimbizi jambo ni zito zaidi. Kutwa anapokea: chakula, blanketi, fomu za kujaza, maelekezo ya foleni ipi aende. Akikufundisha wimbo wa kwao, kwa dakika kumi wewe ndiye unayekosea na yeye ndiye anayesahihisha. Anakurudisha mwanzo wa mstari, anacheka matamshi yako, anakwambia sauti ya pili imepanda mno. Sijui njia nyingine ya haraka kama hiyo, isiyo na gharama, ya kumrudishia mtu cheo cha ualimu.

Tanzania ina ushahidi wake. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwatupa makumi ya maelfu ya watu upande huu wa mpaka. Walipewa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, na baadaye Katumba na Mishamo, wakafyeka pori na kulima. Ulyankulu ilipangwa kwa barabara zenye namba, na katika mojawapo ikazaliwa kwaya ambayo kila mwenye umri wa kukumbuka kanda za kaseti ameisikia: Barabara ya 13. Kanda zao zilitoka Tabora zikaingia kwenye mabasi, magenge na sebule za Pwani. Wengi tuliziitikia sauti zile kabla ya kujua ni za watu waliokimbia nini. Vyeti vya uraia kwa wakimbizi wale wa 1972 na vizazi vyao, watu zaidi ya 162,000, vilikuja mwaka 2014. Nyimbo zao zilikuwa raia zamani.

Kwenye dansi hali ilikuwa hiyo hiyo. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Hakuwa mkimbizi wa kambini, lakini alikuwa mgeni, na aliimba Kiswahili cha mtu wa chini hadi walalahoi wakamwita wao. Alifariki mwaka 2010. Kituo cha daladala Sinza bado kinaitwa kwa Remmy.

Wakimbizi wa leo wengi wako katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka Kibaha, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Kijana wa chuo cha Kisarawe hakutani nao sokoni. Anayekutana nao, kwa kinaya cha kuchekesha, ni mwenzake wa Sweden. Mwaka 2015 nchi hiyo ilipokea maombi ya hifadhi zaidi ya 160,000, na shule za wananchi zikafungua madarasa kwa Wasiria, Waafghani na Wasomali. Vyuo vya huku na vya kule vina desturi ya kutembeleana, kwa hiyo wimbo uliofundishwa Kisarawe unaweza kuimbwa mezani na mtu aliyekimbia Aleppo. Na kama mezani yupo Msomali wa Barawa anayezungumza Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya huko kwao, maneno mengine atayatafsiri yeye.

Si kwamba mambo hayo huko Nordiki yanakwenda bila kelele. Kitabu cha nyimbo cha Denmark kilipotolewa upya mwaka 2020, kiliingiza wimbo wa Isam B, Mdenmark mwenye asili ya Morocco, kuhusu Ramadhani katika jiji la Copenhagen. Baadhi ya wanasiasa walikasirika. Hasira ile yenyewe inaonyesha uzito wa kitabu: hakuna anayegombana juu ya ngoma ya kutumbuiza, lakini wimbo ambao taifa zima litaufungua asubuhi na kuuimba ni kama kumpa mgeni ufunguo.

Na si kila wimbo ni wa kutoa. Nyimbo za mkole, za kumfunda mwali, haziendi paredi, na chuo kinachozitoa nje ili kumfurahisha mfadhili kitakuwa kimewaibia mabibi wa Maneromango. Vivyo hivyo, mkimbizi asiombwe wimbo wa nyumbani siku ya kwanza. Pengine aliyeuimba naye mara ya mwisho ameuawa. Anza na wako, mfupi, wa makofi. Wa kwake utakuja ukiwa tayari.

Kibaha kuna pa kujaribia kufundishana nyimbo bila kusubiri mradi. Mwaka 2022 ilifunguliwa hapo, Kwa Mfipa, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, mali ya vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Vyama vile vingine vitano viliwahi kupata hifadhi au msaada katika nchi hii. ANC ilijenga shule Mazimbu, Morogoro. Kijana aliyekimbia Soweto akifika Morogoro alikuta watoto wa shule wanaimba asubuhi tuni aliyoijua, ile ya Enoch Sontonga ya mwaka 1897, ambayo Tanganyika iliifanya wimbo wa taifa mwaka 1961. Zimbabwe nayo iliutumia hadi 1994, Namibia hadi 1991. Hivyo darasa la Kwa Mfipa likiamua kuimba, Mtanzania na Mwafrika Kusini wataanza mara moja, Mzimbabwe na Mnamibia watakumbuka ya wazazi wao, na Waangola na Wamsumbiji itabidi wafundishwe. Kisha ziwe zamu zao kufundisha.