Tipa 13 kwa Kila Kilomita

Tuanze na mvua moja. Si ile ya kuandikwa magazetini. Ni mvua ya milimita 50 tu, inayoanza alasiri pale Nyasura na kukatika kabla watu hawajala chakula cha usiku.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Njia ya mtaa yenye upana wa mita 5 na urefu wa kilomita moja ina mita za mraba 5,000. Zidisha mara 50: lita 250,000. Ni maboza 25 ya lita 10,000 kila moja, yamemwagwa juu ya kilomita moja bila dereva wala risiti. Sehemu fulani itanyonywa na ardhi, kweli, lakini hapo sijagusa maji ya mapaa ya bati, ya viwanja vilivyofagiliwa vikawa vigumu kama saruji, na yale yanayoshuka kutoka vilimani kuja kujiunga na wenzake barabarani.

Swali la gharama ya barabara ya udongo, kwa maoni yangu, ni hilo tu: maboza haya 25 yanakwenda wapi? Kila shilingi inayotajwa hapa chini ni jibu la swali hilo, zuri au baya.

Nyasura ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Bunda. Lami ya kutoka Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapita Bunda, na barabara nyingine inaelekea Bulamba na Kisorya kwa wanaovuka kwenda Ukerewe. Hizo ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ukiacha lami ukakunja kuingia mitaani na mashambani, umeingia kwa TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 kubeba barabara za vijijini na mijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Mtandao wake nchi nzima ni takriban kilomita 144,000. Zenye lami hazifiki 4 katika kila 100, na kama theluthi mbili ni udongo mtupu, hata changarawe hazijaonja.

Fedha nazo ziliongezeka. Mwaka 2021 Serikali iliweka shilingi 100 zaidi kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi, na bajeti ya TARURA ikapanda kutoka karibu shilingi bilioni 275 hadi kupita bilioni 700 kwa mwaka. Ni ongezeko kubwa, tusilibeze. Lakini gawa bilioni 700 za wakati huo kwa kilomita 144,000: unapata kama shilingi milioni 4.9 kwa kilomita, na humo humo kuna madaraja, lami za miji na gharama za usimamizi.

Sasa tupige hesabu ya kifusi, maana ndicho kila mtu anachokidai kwenye mkutano wa mtaa. Tabaka la moramu la sentimita 15 likishashindiliwa, juu ya njia ya mita 5, ni mita za ujazo 750 kwa kilomita. Kifusi kikiwa bado hakijashindiliwa huwa kimejaa hewa, kwa hiyo ongeza kama asilimia 30: mita za ujazo 975. Tipa ya mita za ujazo 10 itapiga safari 98. Tuchukue kwa mfano kwamba kila safari, kuanzia machimbo hadi kumwaga, ni shilingi 100,000. Milioni 9.8, na greda bado halijawashwa, mtambo wa kushindilia haujafika, wala boza la maji ya kulowesha kifusi. Bei ya kwenu ikiwa tofauti, badilisha. Bado itakuwa vigumu kuikuta chini ya ile milioni 4.9.

Na kifusi hakikai. Wahandisi hukadiria kwamba barabara ya changarawe hupoteza sentimita 1 hadi 3 za tabaka lake kwa mwaka, kutegemea magari, mteremko na mvua. Tushike 2. Sentimita 2 mara mita 5 mara mita 1,000 ni mita za ujazo 100 zilizoshindiliwa, yaani tipa 13 za kifusi kwa kila kilomita, kila mwaka. Kwa bei yetu ya mfano ni shilingi milioni 1.3. Sehemu yake inaondoka kama vumbi linalotua kwenye nguo zilizoanikwa kandokando ya njia. Nyingine inarushwa pembeni na matairi. Kubwa zaidi, pale penye mteremko na mitaro iliyoziba, inabebwa na yale maboza 25.

Mtu mmoja aliwahi kuniambia barabara ni paa lililolala. Sijapata maelezo bora zaidi. Mgongo wa njia ukiwa juu ya kingo zake kwa asilimia 5, katikati inapanda sentimita 12 na nusu tu kwa njia ya mita 5, na kimo hicho kidogo kinatosha kuyafukuza maji kwenda mtaroni. Mgongo ukishabonyea, au matairi yakishachimba mifereji miwili, paa linageuka kuwa bakuli, na maji yanaanza kutembea barabarani kama abiria. Kuna pia zile plau zinazoburutwa chini na ng'ombe kutoka shamba moja hadi jingine. Ncha ya jembe inachora mstari, mvua ya kwanza inaupenda, ya tano inaufanya korongo. Mkulima halipi chochote kwa kosa hilo, ingawa mkokoteni ungeliepusha.

Mtaro peke yake hautoshi, kwa sababu maji yaliyoingia mtaroni yanahitaji pa kutokea. Ukichimba michepuko ya kuyatolea shambani kila mita 50, pande zote mbili, unapata 40 kwa kilomita. Lita 250,000 zikigawanywa kwa 40 ni lita 6,250 kwa kila mchepuko, kama mapipa 31. Maji hayo yanaweza kupokelewa na nyasi tu. Ukiwa na michepuko minne, kila mmoja unapokea mapipa 312 kwa mpigo, na hapo hata mawe yanahama. Mawe yenyewe Bunda yamejaa tele. Kupanga vizuizi vya mawe ndani ya mtaro wa mteremkoni, ili kuyapunguza maji kasi, ni kazi ya mikono zaidi kuliko ya fedha.

Inagharimu nini? Tuseme mitaro ya pande mbili, mita 2,000 kwa jumla, imejaa tope lenye kina cha sentimita 20 na upana wa sentimita 40. Ni mita za ujazo 160. Mtu mzima mwenye jembe na chepe akitoa mita za ujazo 3 kwa siku, kazi inamalizwa kwa siku 53 za mtu mmoja, au siku sita kwa watu tisa. Mlipe kila mmoja shilingi 10,000 kwa siku: shilingi 530,000 kwa kilomita. Kuzibua mitaro hakuzuii vumbi wala tairi, kwa hiyo siwezi kudai kwamba zile tipa 13 zote zitaokolewa. Lakini ikiokoka nusu tu, kazi imejilipa, na bado hatujahesabu mgonjwa aliyefika hospitali.

Hebu tuiweke kwa lugha ya kijiweni. Bodaboda anayechoma lita 3 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, analipa kupitia ile nyongeza ya shilingi 100 peke yake shilingi 93,600 kwa mwaka. Bodaboda sita wanatosha kulipia mitaro ya kilomita moja. Bila shaka fedha zao zinaingia kwenye mfuko wa taifa na hazirudi Nyasura zikiwa na majina yao, lakini kipimo kinasaidia: si kweli kwamba kazi hii imetushinda bei.

Wakenya waliijaribu zamani. Mpango wao wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974 ulitegemea nguvu za watu, na matengenezo wakapewa wakazi wa kandokando, kila mmoja na kipande chake cha kilomita moja na nusu hadi mbili. Anayeishi pale anajua mchepuko upi umeziba kabla mhandisi hajapata mafuta ya kumfikisha. Kwetu, mradi wa RISE unaofadhiliwa na Benki ya Dunia umekuwa ukitumia vikundi vya kijamii kwa kazi za aina hiyo katika wilaya chache, na sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Mlango upo. Benki hiyo hiyo iliandika katika ripoti yake ya mwaka 1994 kwamba dola bilioni 12 zingetumika kwa wakati kutunza barabara za Afrika katika muongo uliotangulia, zingeepusha ujenzi mpya wa dola bilioni 45.

Kwa wakati. Hapo ndipo ninapogombana na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, vuli inaanza Oktoba. Katikati kuna siku 92, na ndani yake fedha zitoke, zabuni itangazwe, mkataba usainiwe, mkandarasi alete mitambo. Greda likifika Novemba linachonga tope. Isitoshe, hata likifika Agosti kuna tatizo ambalo wanaolalamika mitaani huwa hawalioni: udongo mkavu haushindiliki. Kilomita yetu yenye tani 1,500 za moramu, ikihitaji nyongeza ya maji ya asilimia 6, itakunywa lita 90,000, maboza 9 ya kununuliwa. Mwishoni mwa masika, Mei kuelekea Juni, unyevu huo uko ardhini bure. Kwa hiyo ningepanga hivi: greda lipite masika ikiishia, kwa fedha za mwaka unaofungwa, na mitaro iachwe kwa majembe ya Agosti na Septemba.

Bahati mbaya, Mei ndipo malori ya pamba yanapoanza kuingia. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hupanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 10 ikilinganishwa na ya tani moja ya pikapu haiumizi mara 10, inaumiza kama mara 10,000. Majaribio yale yalikuwa ya lami na zege, na njia ya udongo ina tabia zake, lakini sidhani kama udongo mbichi ni mvumilivu zaidi.

Na kama fedha ni za kubana, zisitandazwe. Chukua njia ya kilomita 10. Miteremko yenye kichanga inapitika hata siku ya mvua. Kinachoifunga ni bonde moja lenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, kisha masika unavimba na kunata kama ugali. Mita 40 tu za tope hilo zinazifunga kilomita zote 10. Kutandaza kifusi njia nzima ni tipa 975. Kuinua zile mita 40, tabaka la sentimita 30 kwa sababu mbuga inameza, ni mita za ujazo 60, zikiwa hazijashindiliwa 78: tipa 8. Ongeza kalavati moja, la sentimita 90 badala ya 60, maana eneo la upenyo wake ni mara mbili na robo, na mtu wa kulizibua Septemba.